Maji ya Majivu

Mimi ni mkali wa jikoni, sifichi. Siku mume wangu alipoambiwa kwamba figo zake zimekwisha kabisa, na kwamba ataishi kwa kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki, daktari alinigeukia mimi. "Chumvi basi, mama." Niliitika, lakini moyoni nilisema, kijana huyu hajui anaongea na nani.

Kwetu Wanale, chini ya ule mlima wa Mbale, chumvi ya dukani ilikuja juzi tu. Mama zetu walichoma maganda ya maharage, wakatia majivu kwenye kibuyu kilichotobolewa, wakamimina maji, yakachuja taratibu mpaka yakatoka na rangi ya chai. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa chumvi yao, na ndiyo yanayolainisha malewa, machipukizi ya mianzi tunayoyapika kwa karanga. Mume wangu, askari magereza kutoka Teso, alihamishiwa Mbale akiwa kijana. Alikula malewa yangu mara moja, akaenda kuniposa kabla hata hajajua ukoo wetu. Tulichumbiana kwa Kiswahili cha kambini. Yeye Kigisu chetu hajui mpaka leo, na mimi Kiteso kinanishinda.

Basi nikapiga simu nyumbani, na dada yangu akanitumia mfuko mzima wa majivu huku Budondo, Jinja, mume wangu alikostaafia. Chumvi nikaitupa. Kila chakula chake nikakitia maji ya majivu. Akala, uso ukakunjuka, nami nikajiona mjanja kuliko madaktari wote. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi sikuuliza.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, alijinyoosha kwenye mkeka. "Mama, miguu yangu iko nzito," alisema. Nikalaza kichwa kifuani pake, mazoea yangu ya miaka mingi. Moyo wake naujua. Siku hiyo ulipiga mara mbili, ukanyamaza, ukapiga mara moja, ukanyamaza tena, kama mgeni anayebisha hodi huku hana hakika kama nyumba ndiyo hii. Nikaita boda boda: mwendeshaji mbele, mume wangu katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, sikio mgongoni pake njia nzima.

Hospitalini walimbandika nyaya kifuani. Karatasi ilitoka na mistari yake, sista akaitazama mara moja tu, akakimbia. Wakamchoma sindano mshipani, polepole, ya kuulinda moyo, huku wengine wakitayarisha mashine. Damu ilipoanza kuzunguka, sista alirudi na kalamu.

"Mama, nyumbani Afande anakula nini?"

"Chumvi hali," nilisema, nikijigamba hata saa ile. "Mimi natia maji ya majivu tu."

Kalamu ikasimama. Alinieleza bila kunikaripia, na ningependa angenikaripia. Majivu yale yamejaa potasiamu, madini yaliyomo pia kwenye ndizi na maharage. Figo nzima huyatoa kwa mkojo. Figo zilizokufa huyaacha kwenye damu, nayo huuvuruga moyo mpaka ukasimama. Nikaelewa. Kila siku, kwa mkono wangu na kwa mapenzi yangu yote, nilikuwa nikimuua mume wangu.

"Nani alianza hii mambo?" sista aliuliza. "Lazima niandike."

Kitandani, mume wangu akafumbua macho. Mtu huyu aliwahi kumshtaki rafiki yake mwenyewe kwa wakubwa kwa sababu ya uongo mdogo, na watoto wetu walikua wakimwogopa kwa hilo.

"Andika mimi," alisema. "Mimi nilimwomba. Yeye alikataa, mimi nikamlazimisha."

Sista akaandika hivyo. Mume wangu hakuwa ameniomba hata siku moja, na alipousema uongo ule alikuwa akinitazama mimi, si sista.