Mkono Ulioshika Kisu

Ofisini walimwita Bi Nukta, na jina hilo lilimkaa mpaka likalifukuza lile la kuzaliwa. Alikuwa msomaji wa prufu, zile nakala za majaribio kabla ya kuchapa, katika kampuni ya kuchapisha vitabu vya sayansi vya vijana, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye meza ileile iliyotazama ukuta, rula mkono mmoja, kalamu nyekundu mkono mwingine, akiisukuma rula mstari baada ya mstari kama mtu anayekausha maji sakafuni. Volkano, popo, mifupa ya binadamu, mwendo wa sayari, vyote vilipita chini ya rula hiyo kabla ya kuwafikia watoto. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona volkano, na popo aliwaogopa.

Kulikuwa na utani kwamba zamani mchumba alimwandikia barua, akamrudishia imejaa alama nyekundu, mchumba akaenda kuoa mtu asiyejua kuandika. Bi Nukta alicheka pamoja nao. Barua ilikuwapo kweli. Ila hakuirudisha wala hakuijibu. Aliiweka ndani ya kamusi akisubiri apate maneno yanayofaa, na miaka ikapita.

Kazi yake ilikuwa na mpaka ambao kila mtu aliujua. Maneno yalikuwa yake, picha hazikuwa zake. Picha zilikuwa za mpangaji kurasa, kijana wa miwani waliyemwita Fundi. Na prufu ya mwisho ilikuwa na utaratibu wake. Ile husomi tena. Unatazama tu kama alama zako zote zimefanyiwa kazi, unatia sahihi, kitabu kinakwenda mitamboni.

Mwalimu wa biolojia alikuja Jumanne asubuhi, shati limepigwa pasi, kitabu kiko kwenye mfuko wa plastiki. Kiti cha wageni kilikuwa karibu na meza ya Bi Nukta, kwa hiyo alisikia kila kitu bila kugeuka.

"Sikuja kulaumu," mwalimu alimwambia mkurugenzi. "Nimekuja kuomba. Mkichapa tena, lile onyo likuzeni kidogo. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alichuma uyoga akiwa na kitabu chenu mkononi. Yeye alionja tu. Mdogo wake alikula sahani nzima. Mdogo wake tumemzika wiki iliyopita."

Mkurugenzi alisema pole, kisha akasema tena.

"Mtoto hakutofautisha kushoto na kulia," mwalimu akaendelea. "Ana miaka kumi na minne, na darasani ni wa kwanza. Sasa mimi najiuliza nilikuwa nafundisha nini."

Alipoondoka aliacha kitabu mezani. Bi Nukta alikifungua ukurasa wa arobaini na saba. Kulikuwa na uyoga wa aina mbili, zote nyeupe, na katikati mkono ulioshika kisu kidogo. Chini yake maneno ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyanyoosha: *Kushoto: huu unaliwa. Kulia: huu una sumu inayoua, usiuguse.* Hakuna nukta iliyokosekana.

Mkono ulioshika kisu ulikuwa wa kushoto.

Mkono ule aliukumbuka. Siku ya prufu ya mwisho aliuona, na alitabasamu, kwa sababu yeye pia alitumia mkono wa kushoto na shule ya msingi alichapwa vidole kwa ajili hiyo. Miaka yote hii, aliwaza siku ile, hatimaye mwenzangu ameingia kitabuni. Kisha akatia sahihi.

Alikwenda kabatini, akatoa bahasha ya picha za kitabu kile, akazipekua mpaka akaipata. Katika picha ya mpiga picha, kisu kilikuwa mkono wa kulia.

Alimkuta Fundi mbele ya kompyuta anakula njugu.

"Uliigeuza hii?"

Fundi akaitazama picha, akatazama kitabu. "Ah, ndiyo, Mama. Uyoga ulikuwa umeegemea nje ya ukurasa. Kitu kikitazama nje, jicho la msomaji linatoka nalo. Nikaugeuza uangalie ndani. Ni kubonyeza mara moja tu."

"Na maandishi?"

"Maandishi ni yako, Mama."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipomchoma. Kisha Fundi akaelewa. Akaziweka njugu chini taratibu, na hakuzigusa tena siku hiyo.

Mkurugenzi alifunga mlango kabla ya kuongea. Hakuwa mtu mbaya. Bi Nukta alipofiwa na mama yake, yeye ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele.

"Toleo jipya tutalirekebisha," alisema. "Kimyakimya."

"Na nakala zilizoko shuleni?"

"Bi Nukta, nani anakwenda kuchuma uyoga na kitabu mkononi?"

"Yule mtoto."

"Onyo lipo. Tumeandika asile kitu bila kumwonyesha mtu mzima."

"Mzee, tumewapa sumu upande wa chakula. Onyo litafanya nini?"

Mkurugenzi alijifuta uso kwa kiganja. "Ukifungua mdomo, tumekwisha. Watu kumi na wanane wanakula kupitia mlango huu. Na sahihi iliyoko kwenye prufu si yangu."

Alirudi mezani, akakaa akiutazama ukuta. Mvua kubwa, zinazootesha uyoga kila mahali, zilikuwa bado na majuma matatu. Katika kila shule palikuwa na vitabu vile, na katika kila darasa huenda palikuwa na mtoto mmoja anayeamini kila neno lililochapwa. Yeye alimjua mtoto wa aina hiyo, maana alikuwa hivyo mwenyewe. Kabla ya saa za kutoka alipanga kalamu zake kwenye kopo, akauweka ufunguo wa kabati juu ya meza ya mkurugenzi, akaondoka na kile kitabu, ile picha na orodha ya shule zilizokinunua ndani ya mkoba. Nyumbani alimpigia mwalimu simu, akaomba kuelekezwa kwa yule mwanafunzi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na ua wa saruji iliyopasuka. Bibi mzee alikaa kwenye kigoda akichagua maharage kwa kuyapapasa, kwa kuwa macho yake yalikwisha kuwa meupe. Kule bombani msichana alikuwa akisugua sufuria. Alikuwa amefungwa kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kimelowa na kuingia weusi.

"Kama umekuja kuhani, karibu," bibi alisema bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kumwona msomi wetu, yule pale. Anajua majina ya wadudu wote, lakini mkono wa kulia haujui."

Bi Nukta alikwenda bombani akachuchumaa. Alizoea kuongea na karatasi.

"Mwanangu, umeumia mkono?"

"Hapana, shangazi. Mjomba alinifunga kitambaa hiki siku ya mazishi. Alisema nisikifungue mpaka nijue upi ni upi."

"Unajua upi ni upi?"

"Najua. Nilijua tangu zamani." Msichana aliendelea kusugua. "Sijui siku ile ilikuwaje. Nilisoma mara tatu. Nikampelekea bibi aupapase. Bibi akaniuliza kitabu kinasemaje. Nikamwambia kinasema unaliwa. Akasema basi, kama ni kitabu cha shule, pika. Mdogo wangu alitapika usiku kucha. Siku ya pili akapata nafuu, akaomba uji, akacheza na kopo la rangi. Tukajua amepona. Siku ya tatu macho yakawa manjano."

Bi Nukta alifungua kitabu kwenye ukurasa ule, akaiweka picha kando yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakueleza. Alisubiri, naye mtoto wa kwanza darasani hakuhitaji muda. Macho yalikwenda kwenye kisu cha kitabuni, kwenye kisu cha kwenye picha, yakarudi.

"Wameigeuza," alisema.

"Ndiyo. Ulisoma sawasawa. Kitabu ndicho kilichokosea."

Alikuwa amejipanga kwa machozi. Msichana hakulia. Aliitazama sufuria mkononi mwake kana kwamba hajui ilifikaje pale.

"Kwa hiyo ningekuwa sijui kusoma, angekuwa hai," alisema.

Bi Nukta aliichukua ile sufuria mkononi mwake, akaiweka chini.

"Nani aliona kabla hakijachapwa?" msichana akauliza.

"Mimi. Niliuona ule mkono. Nilifurahi kwa sababu ni kama wangu, nikatia sahihi."

Msichana alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, muda mrefu. "Kamwambie bibi," alisema. "Mimi hataniamini."

Alimwambia bibi, akiwa amepiga magoti kwenye saruji. Alisema yote, kisu, picha iliyogeuzwa, sahihi, mlango uliofungwa. Hakuiruka sehemu ya kutabasamu, ingawa alitamani sana kuiruka. Vidole vya bibi viliendelea kuchagua maharage mpaka vikasimama.

"Sasa unataka nikufanye nini?" bibi aliuliza.

"Sijui, mama."

"Nikusamehe? Mwenye kusamehe yuko chini."

"Sikuja kwa hilo."

"Afadhali." Bibi akasukuma ungo pembeni. "Wewe, njoo hapa. Leta mkono."

Msichana akaja, maji yakimchuruzika. Bibi aliutafuta mkono hewani, akaushika, akakipapasa kile kitambaa. Fundo lilikuwa limekaza kwa maji na vidole vyake havikuliweza, hivyo akaliinamia, akaling'ata kwa meno machache aliyobakiza. Lilichukua muda. Hakuna aliyemsaidia, maana alikuwa ameshatikisa kichwa kukataa. Kitambaa kilipoanguka, ngozi chini yake ilikuwa imekunjamana, nyeupe kama ya mtu aliyekaa majini siku nyingi. Bibi aliendelea kuushika mkono ule.

Bi Nukta aliinuka. Alitoa kalamu nyekundu, na juu ya ndoo ileile akayakata maneno mawili ya ukurasa wa arobaini na saba, Kushoto na Kulia, akayabadilishana nafasi, akaandika sahihi yake pembeni, safari hii jina lake kamili.

"Hicho ondoka nacho," msichana alisema. "Vingine viko wapi?"

"Shuleni. Shule mia moja na arobaini."

Msichana alitazama juu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. "Basi usikae," alisema.

Shule ya kwanza katika orodha ilikuwa ng'ambo ya soko. Bi Nukta alikwenda kwa miguu, kwa haraka kidogo.