Shamba, Shoka, Shanga, Shuka

Dalmas Ooko alikuwa mtu wa kalamu. Miaka ishirini na saba alitunza stoo ya chakula cha ng'ombe pale Gilgil, na aliyetaka kumjua hakuhitaji kumsikiliza. Alifungua tu kitabu cha stoo akauona ule mwandiko, herufi zimesimama wima kama askari wa kambi ya jirani siku ya gwaride. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa vibao vya reli kule Nakuru, na ndiye aliyemwambia akiwa mdogo kwamba herufi iliyolala inaweza kuangusha gari la moshi. Dalmas aliamini hivyo mpaka uzeeni.

Lakini kusema, hakusema. Wachukuzi walimwita Mzee Bubu. Ukimsalimu aliinua mkono. Ukimuuliza magunia yamebaki mangapi alikuandikia kwenye karatasi akakupa. Wengine walidhani ni maringo.

Hayakuwa maringo. Ulimi wake ulikataa sauti moja tu. Penye sh, wenyewe ulitoa s. Shule ilikuwa sule, shati lilikuwa sati. Kwao wengi ni hivyo, na nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Ila mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, lori la kampuni lilisimamishwa barabarani na vijana wenye mapanga, na kila abiria aliambiwa ataje neno, ili ulimi useme wenyewe umetoka wapi. Dereva, marehemu Kiptum, aliwahi: "Huyu ni bubu tangu azaliwe." Dalmas akaachama, akajigusa koo kwa kidole. Wakapitishwa. Waliokuwa kwenye gari la nyuma, si wote waliopitishwa.

Tangu siku hiyo alichunga mdomo kama mtu achungavyo mlango wa stoo. Mkewe, Naliaka, ndiye aliyekuwa mdomo wake, sokoni, kanisani, hata kwa daktari.

Sasa ilikuwa imebaki miezi kumi na minne astaafu. Alitaka jambo moja tu: siku ile amkabidhi mwenzake funguo na kitabu kisicho na doa, aende zake. Ndipo meneja wa Nakuru, Wamalwa, akapiga simu.

"Mzee, tunaunganisha ofisi yangu na hiyo ya Kilkil. Kompyuta zako na zangu ziongee kama ziko chumba kimoja. Ikifika Ijumaa jioni na hamjaungana, nafunga dawati lako, stoo naiendesha kutoka huku. Umenielewa?"

Alisema Kilkil, maana ulimi wake naye haukuiweza ile g. Hakuna aliyewahi kumcheka. Kiti cha meneja nacho kina ulimi wake.

Alhamisi akaja fundi, msichana mmoja mchangamfu aitwaye Valarie, na kisanduku cheusi chenye taa mbele. Alikifunga ukutani juu ya dawati, akachomeka nyaya, huku akieleza bila kuulizwa.

"Hii inaitwa VPN, mzee. Chukulia intaneti ni barabara kuu. Kila mtu anapita, na wezi wanapita. Sasa sisi tunalaza bomba letu ndani ya hiyo barabara, kutoka hapa mpaka Nakuru. Maji yanapita ndani, mtu wa nje hata hasikii. Umenipata?"

Dalmas akatikisa kichwa kwamba amempata.

"Lakini visanduku viwili lazima vijuane. Hiki kinauliza neno, kile kinajibu. Herufi moja ikikosa, vinakataana. Taa ikiwa ya machungwa, vimekataana. Ikiwa ya kijani, vimekubaliana. Sasa niandikie neno la siri. Maneno manne hivi, yasiyohusiana. Andika, usitaje."

Andika, usitaje! Hakuna aliyewahi kumwagiza kazi tamu kama hiyo. Alivuta karatasi, akachagua kalamu. Na hapo ndipo alipoponzwa na raha yake ndogo. Kuna maneno ambayo mdomoni hakuwa nayo, lakini kwenye karatasi yalikuwa mali yake kama ya mtu mwingine yeyote. Akayaandika polepole, s na h zimeshikana mikono: shamba shoka shanga shuka.

Valarie akasoma kimoyomoyo, akacheka kidogo. "Safi. Marefu, na mwizi hawezi kubahatisha." Akayaingiza kwenye kisanduku, akamrudishia karatasi. "Itunze wewe. Kesho Weldon anafunga kisanduku cha Nakuru. Atakupigia, wewe umsomee."

"Nimsomee?"

"Kwa mdomo. Usitume meseji, usipige picha. Kikiandikwa kwa simu kinabaki kwa simu. Na asijue mtu mwingine, hata mke."

Neno lililomfaa mzee hapo lilikuwa badilisha, nalo pia lilikuwa na ile sauti. Alipokuwa bado analizungushazungusha mdomoni, Valarie alikuwa ameshabeba mkoba. Watu wa machimbo ya Kariandusi walikuwa wanamngoja.

Jioni Naliaka aliona mumewe hali chakula. Akambana mpaka akamwambia, si neno lenyewe, bali kazi iliyokuwa mbele yake.

"Si twende wote? Wakipiga nishike simu, nisome mimi, basi."

"Ni siri," alisema Dalmas.

"Siri ya mume wangu si siri yangu?"

"Hii ni ya kampuni."

Naliaka akarudi jikoni. Alikuwa ameolewa na mtu wa namna hiyo, na alijua.

Ijumaa saa nne simu ililia, Weldon kutoka Nakuru. "Sasa mzee! Niko tayari hapa. Nisomee."

Dalmas akaikunjua karatasi. "Samba," alisema. "Soka. Sanga. Suka."

Kulikuwa na mwangwi kwenye simu. Sauti yake ilimrudia kubwa, kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa. Akaelewa kuwa huko Nakuru simu imewekwa spika.

Weldon akaandika alivyosikia. Taa ukutani ikabaki ya machungwa.

"Imekataa, mzee. Soka ni ile ya mpira?"

"Soka ya kukata kuni."

Huko ng'ambo mtu akakohoa kicheko.

"Aaa! Nimekupata, mzee. Ngoja."

Akaandika tena, sasa sawasawa. Na Dalmas, aliyekuwa ameikodolea macho taa, akaiona inapepesa mara mbili kisha inatulia. Kijani. Jasho likamtoka kwa faraja. Akashusha karatasi.

Ikaja sauti ya Wamalwa. "Mzee, bado imekataa. Rudia."

Dalmas akaitazama taa. Kijani.

"Rudia, mzee. Polepole, watu wote wasikie."

"Samba. Soka. Sanga. Suka."

Sasa hawakujificha. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Huyo ni Natasha wa mauzo. "Boss, muulize anavaa nini!"

"Mzee, hapo juu umevaa nini leo?"

Dalmas akaitazama taa tena.

"Nimekuuliza. Au tuseme Kilkil imeshindwa kuungana? Nifunge dawati?"

"Sati," alisema Dalmas.

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Sule ya msingi."

"Haya, turudie neno. Imekataa bado."

Taa ilikuwa kijani, haikutikisika. Angeweza kusema. Angeweza kukata simu. Lakini aliwaza miezi kumi na minne, akawaza kitabu chake, akajiambia kwamba mtu hafi kwa kuchekwa. Akarudia. Mara tisa alirudia, amesimama wima mbele ya taa ya kijani kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila mara Wamalwa alisema bado. Mara ya tisa hata Weldon alisikika akinong'ona, "Boss, inatosha."

"Eti imekubali!" Wamalwa akapaza sauti. "Pongezi, mzee. Umeungana."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona.

Natasha alikuwa amerekodi. Mchana akaituma sauti ya mzee peke yake kwa kikundi cha wafanyakazi. Wafanyakazi wakawatumia madereva, madereva wakaipeleka Dundori kwa wanaouza maziwa, na Jumatatu asubuhi Dalmas alipofika stendi ya Gilgil, mwendesha bodaboda asiyemjua alimpungia: "Niaje mzee! Samba soka!" Mwenzake akamalizia: "Sanga suka!" Ikawa salamu. Wachukuzi walihesabia magunia kwayo: samba moja, soka mbili.

Jumatano Valarie akapita kuangalia mitambo. Akashuka kwenye boda akicheka na mwenye boda, kisha kicheko kikamkauka.

"Umesema nini?"

"Samba soka sanga suka. Dada, hujaisikia? Iko kila mahali."

Valarie akaingia stoo mbio. Akaweka sh mahali pake kichwani, akaona lile bomba lote la siri limepasuka katikati ya soko. "Mzee, hili ni neno letu! Nani amelitoa?"

Mchukuzi mmoja akawahi kumchezea ile rekodi kwenye simu yake. Valarie akaandika ripoti yake kama kazi inavyomtaka: neno la siri limevuja, sauti inayosikika ni ya mtunza stoo wa Gilgil.

Dalmas akaitwa Nakuru. Usiku kucha alikuwa ameandika karatasi nzima, kila kitu kwa mpango: nani aliweka spika, saa ngapi taa ilikuwa kijani, nani alicheka. Alivaa koti la kanisani. Mezani walikuwa Wamalwa na Bi Chepkurui wa ofisi ya wafanyakazi, na Weldon pembeni, anatazama viatu vyake.

Wamalwa akaweka simu mezani, akabonyeza. Samba, soka, sanga, suka. Vicheko vilikuwa vimekatwa. Ilibaki sauti moja tu.

"Hii ni sauti ya nani?"

Dalmas akajigusa kifua.

"Uliambiwa neno hili ni siri?"

Akainamisha kichwa.

Bi Chepkurui akasema kwa upole, "Jitetee, mzee wangu."

Dalmas akatoa karatasi yake mfukoni, akaikunjua, akaisukuma mbele.

"Hapana," Wamalwa akairudisha kwa kidole kimoja. "Hapa si mahali pa barua. Kila mtu husema mwenyewe. Sema."

Dalmas alimtazama Weldon. Weldon hakuinua uso. Mzee akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi.

"Masine," alisema, "ilikuwa imesakubali..."

Wamalwa akainama, mabega yanatikisika. Bi Chepkurui, mama mtu mzima, alijiziba mdomo kwa faili, machozi yakamtoka. Hakutaka, lakini alikuwa ameisikia ile rekodi mara nyingi mno nyumbani kwake, watoto wakiiigiza.

Dalmas akasubiri wamalize. Kisha akaikunja karatasi yake mara mbili, mara nne, akairudisha mfukoni, akafunga mdomo. Walimuuliza mara tatu kama ana la kuongeza. Alijigusa koo kwa kidole, vile alivyofanya barabarani mwaka ule. Kiptum hakuwapo tena wa kumsemea. Ikaandikwa kwamba mtuhumiwa hakujitetea.

Funguo alizichukua mlinzi hapo hapo. Kitabu cha stoo hakuna aliyekiulizia.

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Naliaka alikuwa anachambua mboga mlangoni. "Wamesemaje, baba?"

Dalmas akaketi kwenye kigoda. Akatoa kalamu, akaitafuta karatasi, akaigeuza upande usio na maandishi, akaandika maneno mawili, akampa. Naliaka akafuta mikono kwa leso, akayasoma kwa sauti.

"Shauri limekwisha."

Akayatazama kwa muda. Yalikuwa yameandikwa vizuri, kila herufi imesimama wima.