Ubani Ndani ya Diski

Juzi, nikipanga kabati la marehemu baba, nilikuta diski aliyohifadhia nakala ya kompyuta yetu ya Mtopanga. Nikaikumbuka alasiri ile ya Alhamisi, nikiwa mtoto, mashine ikinguruma, na Bibi, mamake baba, akipitisha chetezo cha ubani chumba kwa chumba.

"Baba, wanakili nini?"

"Kila kitu, mwanangu, vile vile kilivyo. Kompyuta ikifa, twakirudisha chote."

Nilidhani kila kitu ni nyumba nzima, na Bibi ndani yake. Nikamvuta leso.

"Bibi, leta moshi hapa, nao uingie!"

"Mama, mashine yangu!" baba alimaka. Bibi alicheka hadi akakohoa, kisha akakisogeza chetezo karibu na mashine.

Sasa najua diski hubeba mafaili tu. Lakini kabla ya kuichomeka, niliinusa.