Uso Ambao Mama Hakuutambua

Nakumbuka, mwanangu, ile miaka maduka ya Musoma yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni ya kipande tukaona ghafla mafuta ya kila aina, na tyubu zenye picha za wanawake wanaong'aa. Nilikuwa binti, nashona nguo barazani kwa fundi mmoja pale mtaa wa Iringo, na usoni nilikuwa na chunusi za ujana. Hazikuwa nyingi, ila kioo cha asubuhi hakikuniambia hivyo.

Jirani yetu Mama Zuhura alikuwa muuza vipodozi. Akanipa tyubu ndogo. "Paka hii, Nyangeta. Mimi mwenyewe napakaga kila siku, si unaniona?"

Kweli nilimwona, uso laini, mweupe kuliko mikono. Nikapaka. Chunusi zikakauka, wateja wakaanza kuniuliza siri yangu. Nilifurahi, sitakudanganya.

Nilipoona nimepona nikaacha. Uso ukawaka moto, vipele vikafumuka hata mahali ambapo sikuwahi kuwa na chunusi. Nikarudia tyubu, ukatulia. Nikaacha, ukawaka tena. Hapo akili yangu ikashindwa. Kama ni sumu, mbona nikiipaka napoa? Kama ni dawa, mbona haimalizi? Mwenzangu wa chumbani akasema nimeonewa wivu, nimetupiwa kitu. Fundi akasema ni samaki ninaokula. Niliwaamini wote kwa zamu. Ngozi ikawa nyeupe na nyembamba, mishipa midogo ikajitokeza mashavuni, vinyweleo vikaota. Nikaacha kwenda kanisani. Nikageuza cherehani nishone nikitazama ukuta, na asubuhi nyingine sikuona sababu ya kuamka.

Kisha mama akaniita tukutane stendi ya Bunda, twende kumjulia hali shangazi. Yeye alitokea Butiama, akatangulia kufika. Nilimkuta ameketi juu ya mfuko wake wa ulezi. Nikasimama mbele yake. Akaniangalia, akauliza kwa upole, "Dada, umetoka Musoma? Hukumwona binti mmoja kwenye gari, mrefu, mweusi, anaitwa Nyangeta?"

Kwa kitambo kile hata mimi nilitaka kugeuka nimtafute huyo binti.

"Ni mimi, mama."

Aliitambua sauti. Akasimama, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, machozi yakamtoka kimyakimya. Hakuniuliza nimefanya nini. Aliuliza tu, "Panauma?"

Safari ya kwa shangazi ikaishia pale. Mama alinipeleka hospitali, na daktari akaisoma ile tyubu niliyokuwa nayo mkobani. "Hii ni dawa kali ya ngozi," akasema, "ya kupaka muda mfupi, kwa maelekezo. Ngozi yako imeizoea. Tutakuondoa kwenye hii, na uso utawaka kabla haujatulia. Usije ukaogopa ukairudia."

Ilichukua muda mrefu. Mama alihamia kwangu Iringo, akinikanda kwa kitambaa cha maji baridi, akinilazimisha niende naye sokoni nikiwa hivyo hivyo. Mishipa mingine haikuondoka, unaiona hapa. Nilipokwenda kumweleza Mama Zuhura, nilimkuta amejifungia ndani, amejitanda khanga mpaka machoni, uso wake unavuja maji. Naye hakujua alichokuwa anauza. Mpaka leo sijui kama namkasirikia au namhurumia.

Basi mwanangu, usipake usoni dawa usiyoijua jina wala kazi yake, hata kama anayekupa anakupenda. Kama umeshaanza na unaungua, usione aibu, nenda ukaonane na daktari, naye akuongoze namna ya kuiacha. Na mwenzako akianza kujificha asionwe na watu, mfuate alipo ukae naye, maana akiwa peke yake atachanganyikiwa zaidi. Mungu akutunze, akupe afya na watu wa kukupenda, na uzeeke ukiwa na amani na sura aliyokupa.