Gita Lilikuwa Anzuani

Nilikwenda Mutsamudu, kisiwani Anzuani, kwa arobaini ya Koko, yaani nyanya yangu mzaa mama, mtoto wangu nikiwa nimembeba mgongoni. Sikwenda kutafuta gita. Nilikwenda kupika, kuosha masinia na kuwanyamazisha wajomba. Nyumba ya Koko iko Hombo, juu ya hospitali, ina vyumba viwili na jiko la nje, na mtoto wa miaka miwili huipekua yote kabla wali haujaiva. Nilimsikia kabla sijamwona. Mlio mmoja mzito, wa waya uliolegea. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Alikuwa ameketi nyuma ya pipa la maji, ameifunua shiromani nyekundu, nguo ya Koko ya kujitanda, na kiganja chake kimelala juu ya gita la Fundi.

Sikulia. Nilimkaripia mtoto bure, nikamnyang'anya, akalia yeye.

Acha nikusimulie, kwa sababu watu wa Moroni siku hizi wanaisimulia miaka ile ya mamluki walioishika nchi kana kwamba ilikuwa ya wazungu peke yao. Mzungu fulani alifanya hivi, mzungu fulani alimuoa fulani, mzungu fulani alikuwa na gari la namna hii. Hata sisi tulikuwepo. Tulikuwa tunafua, tunasoma, tunachoma shelisheli uani, na mmoja wetu alikuwa anajifunza kupiga gita.

Nyumba yetu Moroni ilikuwa upande wa barabara iendayo Ikoni. Nasema yetu, lakini ilikuwa ya mama. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huishi kwa mkewe, na asiye na mke hukaa kwa mama yake au dada yake. Fundi hakuwa na mke, mama wala dada. Alikuwa mmoja wa wale waliorudishwa kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, baada ya mauaji ya wageni kule, watu wetu wenyewe ambao mitaani waliitwa kwa dhihaka jina la ndege iliyowaleta. Alishuka na mfuko mmoja na gita. Mkewe na binti yake alikuwa amewazika kule. Mama alimpa kibanda cha mabati nyuma ya jiko letu, na humo akawa anashona viatu.

Hadi leo nikisikia harufu ya gundi na ngozi iliyoloa, najua ni saa tisa na nimetoka shule. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu wakirudi kutoka sala ya alasiri, Fundi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, anaweka kando kiatu cha mtu, anapiga. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao hakuuacha siku yoyote. Haukuwa na maneno. Ulianza na vidole viwili juu ya nyuzi nyembamba, halafu kidole gumba kikaingia kwenye waya mnene, polepole, kama mtu anayepita nje ya dirisha na hana haja na nyinyi mlio ndani. Vidole vinasema lao, gumba linasema lake, wala havigombani.

Niliutaka wimbo ule kama mtoto anavyotaka kitu, kwa tumbo. Fundi hakuuliza msichana atafanya nini na gita. Watu wengine waliuliza, tena kwa sauti, ili mama asikie ndani. Yeye alinipa tu kigoda.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa raha. Vidole viliuma, vikatoka malengelenge, vikaota sugu, nami nikawa naonyesha sugu zangu shuleni kama wenzangu walivyoonyesha bangili. Nyuzi mbili kati ya zile sita zilikuwa za waya wa breki ya baiskeli, zilikata kweli. Kila juma nilijua kitu kipya. Nikadhani ndivyo itakavyokuwa siku zote.

Halafu nikakwama. Sijui kama umewahi kukwama namna hiyo. Vidole peke yake niliweza. Gumba peke yake niliweza. Nikiviweka pamoja, gumba lilikuwa linakimbilia waliko wenzake na kupiga pale wanapopiga wao, kama mbuzi aliyekata kamba. Mwezi mmoja, miwili, mitano. Sikurudi nyuma wala sikwenda mbele. Niliota sugu juu ya sugu na bado nilikuwa palepale. Fundi alisema, "Taratibu." Nikafanya taratibu. Akasema, "Pumzika kidogo." Nikapumzika. Akasema, "Liache gumba lijiendee." Hapo nilitaka kumtupia kigoda. Lijiendee vipi, na ni langu?

Siku nilipoharibu kila kitu ilikuwa ni siku moja kabla ya likizo kubwa. Nilikuwa nimekosea mara ya ishirini. Fundi alicheka kidogo. Hakunidharau, hilo nilijua hata wakati ule. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu nimezaliwa nayo. Nikasema:

"Kama gita lako ni tamu hivyo, rudi nalo Majunga."

Ndilo neno walilopigiwa kelele sokoni, yeye na wenzake wote. Watoto walilifanyia wimbo. Mimi nilikuwa sijawahi kulisema, na mara yangu ya kwanza nikalisema kwa mtu aliyenipa kigoda.

Fundi alilichukua gita mapajani mwangu, akalisimamisha ukutani, akaokota kiatu akaanza kushona. Nilimwona anatia sindano kwenye tundu ambalo tayari lina uzi.

Kesho yake tulishuka bandarini. Mama alikuwa ananipeleka kwenye meli ndogo ya mizigo iendayo Anzuani, nikakae kwa Koko miezi miwili. Tukiwa kwenye foleni, Fundi akaja na kitu kirefu ndani ya gunia la mchele. Mimi hakuniangalia. Akamwambia mama, akimwita bweni kama mwanamke wa heshima anavyoitwa kwetu:

"Bweni, mpe. Vidole vikikaa miezi miwili bure vitasahau."

"Na wewe utapiga nini, Fundi?"

"Mimi nina viatu vya watu."

Nilitakiwa kusema samahani hapo hapo. Ulimi ulikuwepo. Nikalikumbatia gunia nikapanda meli, nikajiambia nitarudi nikiwa naujua wimbo, nitaupiga wote mbele ya kibanda chake, na hiyo ndiyo itakuwa samahani yangu. Nilikuwa mtoto mjinga mwenye kiburi.

Mutsamudu wakati ule wa mwaka ilikuwa inanuka karafuu, zimeanikwa kwenye mikeka hadi njiani, unapita kwa kuruka. Koko alilitazama gita, akazunguka nalo jiko mara moja kama mtu anayetafuta pa kuficha mgonjwa, akalifunika kwa shiromani yake.

"Utapiga hapa jikoni," akasema. "Watu wakiuliza, ni moshi."

"Koko, moshi una sauti?"

"Wa kwangu unayo."

Basi nikapiga kwenye moshi, na gumba likaendelea kukimbia.

Asubuhi kulikuwa na kutwanga. Mpunga wa shamba la Koko ulitwangwa na watu watatu kwenye kinu kimoja, michi mitatu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna anayengoja. Koko, jirani yake, na mimi. Yule jirani alikuwa mwanamke mnene mwenye mdomo, uso wake umepakwa msinzano, yaani liwa ya manjano, tangu alfajiri. Mchi wangu ulikuwa unagonga wao kila mara. Tak! Mpunga unaruka nje, kuku wanafurahi.

"We Mngazija," jirani akaniambia, "mikono yako imekuja na meli, au bado iko bandarini Moroni?"

"Imekuja, mama."

"Basi iambie imefika! Kuku hawa wakinenepa tutamchinja nani, wao au wewe?"

Siku tatu mfululizo nilichekwa. Nilikuwa nautazama mchi wa Koko, nangoja unyanyuke ndipo nishushe wangu, na kila nikingoja nilikuwa nimeshachelewa. Siku ya nne Koko alisema bila kuacha kutwanga:

"Usinitazame mimi. Mimi siendi popote. Tazama mchele."

Nikatazama mchele. Chini ya kinu, pale katikati, mahali ambapo michi yote inafika. Nikaacha kumngoja Koko. Na mchi wake ukawa unashuka, tu, tu, tu, haukuharakisha, haukunijali, na wangu ukapata nafasi yake kati ya wake na wa jirani. Hatukugongana. Tuliendelea hadi mpunga ukaisha, na jirani akaniambia, "Haya, mikono imeshuka melini."

Nilikimbilia jikoni hata mikono sijanawa, imejaa vumbi la pumba. Nikalifanya gumba kuwa Koko. Si mimi ninayelipiga. Haliendi popote. Halinitazami na mimi silitazami. Likapita mara mbili nje ya dirisha, polepole, na vidole vikiwa ndani na mambo yao.

Usidhani ndiyo basi. Kesho yake lilinipotea lote, nikapigapiga ukuta. Likarudi keshokutwa, nusu. Ndivyo ilivyokuwa hadi karibu na mwisho wa likizo: nusu, hakuna, robo tatu, hakuna. Lakini nilikuwa nimeshajua mahali lilipo, na mtu akijua mahali kitu kilipo anaweza kurudi. Juma la mwisho niliupiga wimbo mwanzo hadi mwisho, mara nne. Jirani alisimama mlangoni na ungo wake mtupu, akasahau alichokuja kuazima. Koko alikoroga chungu bila kugeuka, akasema, "Huo moshi leo mzuri."

Nilirudi Moroni nikiwa nimelipakata gunia safari nzima. Niliteremka na samahani yangu tayari mikononi.

Mlango wa kibanda ulikuwa umefungwa kwa kamba. Mama alikuwa ameketi uani anachambua mbaazi, na hakuinua uso. Nikamuuliza Fundi yuko wapi. Akaniambia yote mfululizo, kama mtu anayetapika.

Wale wazungu walikuwa na karamu. Mmoja wa askari wao, kijana wa kwetu kabisa, alikuja kumwita Fundi akawapigie. Fundi akasema gita halipo, liko Anzuani, analo mtoto. Askari akacheka. "Fundi wa gita hana gita?" Akaenda. Siku ya pili likaja gari, baada ya sala ya alasiri, watu wote wapo barazani. Wakamwambia amewadharau wakubwa. Akarudia lile lile: liko Anzuani, analo mtoto. Wakapekua kibanda, wakamwaga viatu vya watu njiani, wakamwambia apande. Akapanda akiwa na sindano ya viatu mkononi.

"Na wewe?" nikamuuliza mama. "Ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Ulisema nini?"

"Ningesema nini?"

"Kwamba ni kweli! Kwamba ninalo mimi! Nyumba ni yako, mama, mtu yuko ndani ya nyumba yako!"

Akainua uso ndipo, na sijawahi kuuona tena uso ule. "Walikuwa wanatafuta neno moja tu, mtoto gani," akasema. "Na wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja."

Hakurudi. Mmoja alisema alipakiwa melini. Mwingine alisema alionekana anafyeka majani kwenye shamba la wale wazungu. Imamu aliuliza, akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Wenye viatu walikuja kuokota viatu vyao, wakaondoka. Mama alilirudisha gita kwa Koko kwa meli ya juma lile lile. Kila likizo nililipiga jikoni, kwenye moshi, hadi nikaolewa nikaliacha.

Mamluki wameshaondoka. Watu waliimba barabarani, na mimi niliimba, nikiwa na mimba. Yule askari kijana bado namwona sokoni ananunua ndizi. Ananisalimia. "Habari za nyumbani, bweni?" Simjibu, na watu wanasema mimi sina adabu. Kibanda kimevunjwa, kaka yangu amemwaga zege pale, anaegesha pikipiki. Koko yuko makaburini. Yule jirani alihamia kwa bintiye huko juu. Kinu kiko pale pale uani Hombo, kimepasuka upande mmoja, kuku wanakunywa maji ya mvua ndani yake. Nani atatwanga? Mchele unakuja na magunia umeshakobolewa, mweupe, na hata mimi ndio ninaopika.

Nimekuwa na hasira na mama kwa miaka kumi. Sasa nina mtoto wa kwangu, amelala hapa ubavuni anakoroma, na mara nyingine namtazama nikajiuliza: gari likisimama mlangoni, na neno moja la kumwokoa mtu likimtaja huyu, ningelisema? Naapa sijui. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Siku ile ya arobaini, wageni walipoondoka, nilikaa jikoni nikakaza nyuzi. Moja ilikatika. Kwa zilizobaki nikaupiga wimbo, na mtoto akaja kusikiliza. Vidole vilikuwa vigumu, lakini gumba liliingia lenyewe, likapita nje ya dirisha kama zamani. Kuna mahali pamoja, karibu na mwisho, ambapo sina hakika kama linatakiwa kusimama kidogo au liendelee. Mimi nalisimamisha. Huenda nakosea. Huenda nimekosea tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na aliyekuwa ananicheka nikikosea, nilimwambia arudi Majunga.