Aliyesimama Nyuma ya Goli la Juu

Msimu ule uwanja wa mjini ulifungwa kwa ukarabati, na timu yetu ikahamishia mechi za nyumbani kwenye uwanja wa misheni, huko juu mlimani katikati ya vihamba, mashamba ya migomba ya koo zetu. Viongozi walikwenda kuuangalia mwezi wa kwanza, jua likiwaka na nyasi zikiwa zimekatwa vizuri. Sisi tuliozaliwa huko tuliwaambia wasubiri masika. Masika yakifika, kwenye saa kumi wingu hutoka msituni, linapita juu ya migomba na kuingia uwanjani bila kelele. Aliyesimama kwenye duara la kati haoni goli hata moja. Anasikia tu mpira ukipigwa.

Mimi nilikuwa nafua jezi za timu. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mwaka tuliomzika baba miezi saba baada ya mama, na nikabaki na wadogo zangu watatu. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, na kufua ndiko kuliko­dumu. Nimepanga chumba Majengo, chenye ua mdogo nyuma na kamba nne za kuanikia. Jezi ya golikipa nilikuwa naifua peke yake, ya mwisho, kwa sababu golikipa ni mdogo wangu, anayenifuata kuzaliwa.

Ligi ilipofika katikati tulikuwa wa pili kutoka mkiani. Kocha wetu wa wakati huo alikuwa mtu mzima, mkimya, aliyekulia kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya miwa huko tambarare. Wazazi wake walikuja kutoka mkoa wa mbali kukata miwa, na yeye akabaki. Ndiye aliyemtoa mdogo wangu kwenye timu ya kijiji. Halafu, bila kueleza chochote, akamweka benchi mechi nne mfululizo.

Mbele ya mlango wangu hukaa fundi viatu, na kwenye benchi lake ndipo mashabiki wa mtaa walipomhukumu yule kocha kila jioni.

"Kijana anadaka kama ana gundi mikononi," fundi alisema, kiatu cha mtu kikiwa katikati ya magoti yake. "Yeye anamkalisha alinde chupa za maji! Huo ni wivu."

"Labda anaumwa," alisema mzee mmoja aliyestaafu chama cha kahawa, ambaye hakukosa mechi.

"Anaumwa nini, Meku? Jana nimemwona kwa macho yangu anamaliza sahani mbili za mtori. Mgonjwa gani huyo? Hata wewe mzima humalizi moja."

Wakacheka. Mimi nilicheka pia. Lakini usiku sikuwa nacheka, maana mdogo wangu alikuwa ameacha kuongea. Nilimuuliza kama amemkosea kocha wake, akasema hapana. Nikamuuliza sasa kwa nini hachezi, akageukia ukutani.

Jumapili moja baada ya misa, tawi la mashabiki lilifanya kikao. Viongozi wa timu walikuwa wametuma ujumbe kwamba wanataka kusikia mashabiki wanasemaje kuhusu kocha. Watu waliongea saa nzima. Wengine walisema kubadilisha kocha katikati ya vita ya kushuka daraja ni kujichimbia shimo. Wengine walisema shimo tumeshaingia, lililobaki ni kufukiwa. Mwishoni katibu wa tawi akanitazama.

"Dada, wewe unafua jezi zao, na golikipa umemlea mwenyewe. Sema."

Nilisimama. Watu wote walinyamaza, na hilo ndilo nililolikumbuka baadaye, kwamba walinyamaza kwa ajili yangu. Nikasema neno moja.

"Aondoke."

Jumatano yake aliondolewa. Hakuagwa. Nilikutana naye getini kwenye uwanja wa misheni, mimi naingia na kifurushi cha jezi, yeye anatoka na begi moja. Nilimwamkia, akaitikia. Halafu akasimama karibu yangu kidogo kuliko kawaida, akasema taratibu: "Mwangalie sana mdogo wako." Akaenda zake. Nilisikia kama mtu ameniapiza.

Kocha mpya alikuja kutoka mjini Dar, kijana, mwenye kompyuta na filimbi mbili shingoni. Siku ya kwanza akamrudisha mdogo wangu golini. Tukashinda mbili mfululizo. Kwenye benchi la fundi viatu hapakukalika kwa majigambo.

"Si nilisema? Kumbe tatizo lilikuwa yule babu!"

"Tulia," mzee alimjibu. "Mechi mbili si ligi."

Kisha masika yakashika. Mechi ya tatu wingu liliingia kipindi cha pili, na mdogo wangu akafungwa mabao matatu, yote kutoka upande wa kulia. Mpira ulimpita akiwa amesimama kama nguzo. Mechi ya nne, mawili, upande ule ule. Tukarudi mkiani.

Jioni ya mechi ile alikuja kwangu, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa huku nikianua nguo.

"Dada, mwalimu wa zamani huwa anakuja kwenye mechi?"

"Hapana. Nasikia yuko Chekereni, analima mpunga."

"Anakuja," alisema. "Anasimama kwenye masale, kulia kwa goli la juu. Nikitazama mbele namwona pembeni ya jicho. Nikigeuka hayupo."

Nilishusha kapu. Goli la juu ni lile la upande wa mlima. Nyuma yake kuna uzio wa masale, mmea ule wa majani marefu tunaotumia kuweka mipaka ya vihamba na kuzungushia makaburi. Kihamba cha pale ni cha familia iliyohamia zamani, na makaburi yao matatu yapo hatua chache ndani ya uzio.

"Anafanya nini?"

"Ananiangalia. Nikitaka kuruka, anasogea. Kama mtu anayefunga mlango."

Mechi iliyofuata ilikuwa ugenini, hakukuwa na wingu, na hata huko alimwona. Aliniambia hivyo kwa simu kwa sauti ya chini, kama mtu aliye chumba kimoja na anayemsema.

Nilifanya kosa la kumweleza fundi viatu. Nilifikiri atacheka. Aliweka sindano chini na hakucheka. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unajua, na wale wale waliosema babu aondoke wakaanza kusema tulimtendea vibaya. Mtu aliyetumikia timu miaka mitatu tumemtoa kama mwizi, hata soda ya kuagana hakunywa. Moyo wake umebaki uwanjani.

"Apelekewe isale," mzee akasema.

Kila mmoja pale alielewa. Kwetu, ukimkosea mtu kosa zito, unakata jani la isale, moja la masale yale, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Hata kama alikuwa ameapa kutokusamehe, akiliona jani hilo anasamehe. Hakuna anayelirudisha.

"Apeleke nani?" katibu aliuliza. Wote walinitazama mimi.

Nilipanda nyumbani kwetu asubuhi ya Jumamosi. Sikutaka jani la njiani. Niliingia kihambani kwetu, nikaenda mpaka walipolala wazazi, nikakata jani kwenye uzio wa kaburi la mama, kwa sababu nilitaka liwe zito kuliko yote. Kulikuwa na unyevu, na jani lilikatika kwa sauti kama ya mtu aliyevuta pumzi. Nikalifunga fundo, nikalifunika kwa kanga, nikashuka Chekereni.

Nilimkuta kwenye majaruba ya mpunga, maji yakiwa juu kidogo ya vifundo vya miguu, jua kali, hakuna wingu hata kidogo. Alifurahi kuniona. Nikapiga goti tutani, nikafunua kanga, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Alirudi nyuma mpaka akateleza majini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwalimu. Nimekuja kuomba msamaha."

"Hilo jani umelitoa wapi?"

Sikuweza kudanganya. "Kaburini kwa mama."

Midomo yake ilikuwa imepauka. "Mwanangu," alisema, "mimi nimekaa Moshi miaka hamsini, lakini wazee wangu si wa huku. Kwetu jani hili lina kazi moja tu. Hupandwa juu ya mtu aliyezikwa. Unanipa mimi mkononi, nikiwa hai?"

Niliona aibu iliyonifanya nisikie baridi kwenye jua lile. Hakuna hata mmoja wetu kwenye benchi aliyekumbuka kwamba si wa kwetu. Nikamweleza maana yake kwa Wachagga, kuhusu kikao, kuhusu neno langu, na kuhusu mtu anayesimama nyuma ya goli. Nilipofika hapo alitoka majini.

"Upande gani?"

"Kulia."

"Pembeni ya jicho, na akigeuka hayupo?"

Nikaitikia. Akakaa chini tutani, matope mpaka magotini.

"Alipigwa goti hapa," alisema akigusa upande wa kichwa chake, "kwenye mechi ya mwezi wa pili. Wiki iliyofuata nikaona anachelewa mipira ya kulia. Nikamrushia machungwa mazoezini. Ya kushoto alidaka yote. Ya kulia yalimpita, na hata hakujua kama yamepita. Nikamwambia nenda hospitali. Akanililia. Akasema akijulikana ana jicho bovu, timu itamwacha, na dada yake amehangaika vya kutosha. Nikamwambia basi nitakaa kimya, lakini hudaki mpaka utibiwe."

"Kwa nini hukuniambia pale getini?"

"Nilimwahidi. Nilikwambia nilichoweza."

Hakulipokea jani. Aliniomba nilirudishe nilikolitoa, siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, na nikalirudisha. Msamaha alisema nimepata hata bila jani. Lakini alipokuwa akiniaga hakunipa mkono.

Usiku ule nilimwambia mdogo wangu kila kitu. Alisikiliza akiwa ameinama. Nikamwambia kivuli kile ni jicho lake, si mtu, na litaharibika likiachwa.

"Sawa, dada," alisema. "Lakini kama ni jicho, mbona ananipungia mkono?"

Nilimwambia Jumatatu asubuhi tunakwenda kliniki, na kwamba kesho, kwenye mechi ya mwisho, hadaki. Ningeweza kwenda kwa kocha mpya mimi mwenyewe. Nilimwachia aende yeye. Alikwenda alfajiri, akasema ukweli wote.

Kwa pointi tulizookota ugenini, mechi ile tulihitaji sare tu ili tusishuke. Majina yaliposomwa na lake halimo, jukwaa lilipasuka.

"Na huyu naye kaanza!" fundi viatu alipiga kelele, mishipa imemsimama. "Siku ya mwisho! Golikipa namba moja benchi! Huyu ametumwa!"

"Makocha wote wamoja," mwingine akasema. "Wanalishwa nini jamani?"

"Aondoke!" Wakaanza kuimba, na mzee wa kahawa naye, fimbo juu. Mimi nilijua, na sikuwa na ruhusa ya kusema. Nilishuka nikasimama karibu na benchi la wachezaji.

Wingu liliingia mapema siku hiyo. Mpaka mapumziko hakuna aliyefunga, na kipindi cha pili golikipa wetu wa akiba alihamia goli la juu. Mdogo wangu alinivuta mkono.

"Dada, nenda ukasimame pale. Nataka kujua kama kuna mtu."

Nilizunguka uwanja nikifuata mstari wa chokaa. Nilipofika nyuma ya goli, kelele za jukwaani zilisikika kama zinatoka bonde jingine. Masale yalikuwa yanadondosha maji. Nilitazama kulia, nikatazama kati ya majani, na makaburi yale matatu. Hapakuwa na mtu. Nikasimama mahali pale alipopasema, nikakaa hapo hapo, maana sikutaka pabaki wazi.

Mara mbili mpira ulikuja kutoka kwenye weupe ule, na mara mbili yule golikipa wa akiba aliurukia upande wa kulia na kuudaka. Mara ya pili, akiwa bado amepiga magoti na mpira kifuani, aligeuka akatazama kuelekea kwangu. Uso wake ulitulia, kama wa mtu aliyefika nyumbani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

Nilitaka kumwambia ni mimi, dada wa jezi, si mwalimu wa zamani. Lakini dakika zilikuwa zimebaki chache, na alikuwa anadaka vizuri.

"Marahaba," nikaitikia.

Hakushangaa sauti. Aliinuka akapiga mpira mbele, ukamezwa na wingu.

Tulitoka sare, tukabaki ligi kuu. Waliokuwa wanaimba kocha aondoke walimbeba mabegani. Mdogo wangu aliniuliza kama nimemwona mtu, nikamwambia nilikuwa peke yangu, na huo ni ukweli. Jumatatu tulikuwa wa kwanza kwenye foleni ya macho. Daktari alisema utando wa nyuma ya jicho umebanduka kwa lile pigo, na kwamba wiki mbili zaidi angelipoteza lote. Walimfanyia upasuaji. Jicho lile sasa linaona nusu. Hachezi tena, anafundisha makipa wadogo, na anasema upande wa kulia siku hizi ni giza tupu, hakuna anayesimama.

Ile salamu sijamsimulia.