Betri Iliyozoea Kuishia Karibu

Baba alikuwa na sheria moja kuhusu betri: usiiache ifike chini. Kabla umeme haujafika mtaani kwetu Kambarage, redio yetu ilitumia betri ya gari, na sauti ikianza tu kulegea, baba aliizima, hata kama mpira ulikuwa dakika za mwisho, akaifunga kwenye baiskeli na kuipeleka kuchaji. Alikuwa fundi umeme kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, nani angembishia? Betri za majirani zilikufa, yake ikadunda.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya ukatibu kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu kule Geita, nikakabidhiwa kompyuta mpakato, niliilea kwa sheria ya baba. Jenereta ikiwaka tu, nachomeka. Nimeandika ukurasa mmoja, nachomeka. Mwaka haukuisha, mashine ikawa inazima kabla sijamaliza barua. Nilikasirika, maana hakuna mtu pale kambini aliyeitunza yake kama mimi.

Mjiolojia wetu alicheka. Betri ya gari ni ya madini ya risasi, alinieleza, lakini hii ni ya nikeli, nayo hutaka kinyume. Ukiichaji kila mara kabla haijaisha, inazoea kuishia hapo hapo, na nguvu iliyobaki ndani haiitoi tena.

"Iache ifanye kazi mpaka izime yenyewe, kisha uichaji ijae. Rudia hivyo mara kadhaa," alisema. "Na upunguze mwanga wa kioo. Huo nao unakula chaji."

Nilikuwa naenda likizo, nikaibeba nyumbani.

Nyumbani baba alikuwa amepata kiharusi miezi michache kabla, mguu wa kulia ukalegea. Hospitali walimruhusu, wakasema aanze kutembea taratibu. Mama alisikia neno moja tu, taratibu. Alimwekea kiti barazani, na kila baba alipoinuka alimwambia, "Kaa, utachoka." Chakula alifuatwa nacho, maji alifuatwa nayo. Hata mimi, sijamaliza kusema shikamoo, nilimpokonya kikombe alichokuwa akikipeleka ndani. Alipotoka hospitali aliweza kufika getini. Sasa akienda chooni tu anarudi anahema. Tulinong'onezana kwamba ugonjwa unaendelea, na mimi nililia jikoni ili asinione.

Niliweka mashine kwenye stuli karibu naye, nikaiacha iwake. Taa nyekundu ikaanza kumetameta.

"Mayu," aliniita, kwa Kisukuma chetu cha kumwita binti mama, "chomeka. Unaiua hiyo."

"Hii si ya gari, baba."

Nikamweleza yote. Alinuna, kwa kuwa mambo ya betri hakuzoea kufundishwa na mtu, lakini hakuondoa macho mpaka kioo kikawa cheusi. Niliichaji ikajaa, na safari hii ikakaa zaidi. Nikairudia tena, ikaongeza kidogo. Haikurudi kuwa mpya, ila barua niliweza kuimaliza.

"Kwa hiyo nguvu ilikuwamo?" baba aliuliza.

"Ilikuwamo."

"Ila hakuna aliyeidai."

Aliutazama mguu wake. Nikajua mawazo yake yanaelekea wapi, nikaogopa, nikatamani ningenyamaza.

Asubuhi iliyofuata, mama akiwa sokoni, baba alishika mkongojo akasimama.

"Baba, kaa, utachoka," nilisema, kwa sauti ya mama kabisa.

"Nataka nichoke," alijibu.

Ningeweza kumzuia. Mkono mmoja tu begani ungetosha, na hilo ndilo lililonitia uchungu. Nilimfuata nyuma. Alipita geti, akapumzika kwenye nguzo ya umeme, akaenda tena, shati limelowa jasho, hadi duka la vipuri vya baiskeli la rafiki yake, mzee wa Kihindi. "Mwangaluka!" baba alimsalimu, na yule mzee akaitikia kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu. Baba akajitupa kwenye benchi. Kuinuka hakuweza tena.

Alirudishwa amekaa kwenye kerieri ya baiskeli iliyosukumwa na kijana wa dukani, mimi nimemshikilia kiuno. Mama alitukuta getini. Mimi ndiye niliyeyapata.

"Unataka kuniulia mume kwa mambo ya mashine?"

Mtu si betri, hata mimi nilijua hivyo. Baba alilala mchana kutwa, nami nilikaa kando ya kitanda nikisikiliza pumzi zake, nikiahidi kimyakimya kwamba sitamruhusu tena.

Kesho yake nilimkuta amekwisha simama barazani, mkongojo mkononi. Mama akatoka ndani. Nilijiandaa kwa kelele. Lakini alikuwa amebeba viatu vya baba vya ngozi, vile vya kwendea kanisani. Alipiga magoti, akamvalisha, akafunga kamba moja moja, uso wake umelowa machozi.

"Nenda," alisema. "Lakini ukianguka, uangukie karibu na duka. Huko kuna watu wa kukubeba."